Kodi ya Marsh Gibbon na khitma ya bibi

Nimelala ubavu kwenye sakafu ya kanisa, shavu karibu liguse mawe ya baridi, nachungulia kwenye vijidirisha vya chini vya kaburi la mwanamke aliyekufa mwaka 1475. Kanisa la Mtakatifu Maria, kijiji cha Ewelme, Oxfordshire. Mama mmoja mtu mzima anayejitolea pale ndo aliyeniambia lala tu usione haya, kila anayefika hapa analala, na mi na kanzu yangu ya Ijumaa ndani ya koti nikaona basi, isiwe tabu.

Juu ya kaburi yuko Alice Chaucer kachongwa kwa alabasta, kavaa taji, viganja vimekutana kifuani, uso umetulia kama mtu ambaye hajawahi kudaiwa. Chini yake, kwenye kile chumba chembamba cha giza, yuko Alice huyohuyo lakini sasa ni maiti, nywele zimemwagika, mbavu zinahesabika, sanda imeachia. Na ukigeuza macho juu, kwenye dari ya hicho chumba, kuna michoro ya rangi: malaika anampelekea Maria habari, Yohana Mbatizaji yupo, Maria Magdalena yupo. Ukisimama huioni hata kidogo. Imewekwa pale ili yule maiti wa jiwe aitazame.

Nikatoka nje kwa mlango wa magharibi, nikashuka ngazi, na ngazi zile zinakupeleka moja kwa moja kwenye ua mdogo wa nyumba za matofali alizojenga huyu mama na mumewe kwa ajili ya maskini.

Ndani kuna watu wanaishi. Leo hii. Nje ya mlango mmoja kulikuwa na viatu vya bustani.

Maneno ya binamu

Sasa, kwa nini hii kitu ilinikaa kichwani wiki na wiki. Sio kwa sababu ya kaburi.

Nyumbani Unguja tuna nyumba ya wakfu, yani haiuzwi wala hairithiwi, faida yake imeshapangiwa pa kwenda. Ndogo, Mji Mkongwe, sio ya kujivunia. Bibi mzaa babu aliiweka hivi: juu wakae watoto wake wa kike na vizazi vyao wasio na pa kukaa, chini ni duka, kodi ya duka itie maji msikitini na kila mwaka asomewe khitma yeye na wazee wake. Hiyo inasimamiwa na sisi wenyewe wa familia, na kama familia yoyote, tunaisimamia kwa kugombana.

Basi kwenye grupu letu la WhatsApp binamu yangu mmoja, kijana, mwerevu, mdomo hauna breki, akaandika: huyu bibi alijinunulia dua. Kaweka hela ili asomewe yeye, wakae watoto wake yeye, halafu tunaita sadaka. Sadaka gani hiyo ina risiti?

Watu wakamshukia. Shangazi mmoja akatoka kwenye grupu (akarudishwa jioni). Lakini hakuna aliyemjibu, na mi pia sikuwa na jibu, nikabaki naandika nafuta, naandika nafuta.

Halafu ndo nikaenda Ewelme nikamkuta Alice.

Masharti ya kitanda na masharti ya dua

Alice alikuwa mjukuu wa Geoffrey Chaucer, yule mshairi. Aliolewa mara tatu, waume wawili wa mwanzo wakaondoka na vita vya Ufaransa, wa tatu alikuwa William de la Pole, baadaye Duke wa Suffolk, mtu aliyemshika mfalme mkono kwa miaka. Mwaka 1437 mfalme Henry wa Sita akawapa kibali cha kuanzisha nyumba ya maskini pale Ewelme: wanaume 13 na makasisi wawili, mmoja awe msimamizi, mwingine awe mwalimu. Nyumba ikaitwa Nyumba ya Mungu. Na chini yake kidogo wakajenga skuli.

Masharti waliyoandika yamebaki, na ukiyasoma unaona mkono wa watu waliofikiria kila kitu. Kila mzee awe na kijumba chake mwenyewe, na kiwe na bomba la moshi, yani awe na moto wake, jambo ambalo kwa maskini wa karne ya 15 lilikuwa la anasa kwelikweli, maana wengi walikuwa wanalala wamerundikana kwenye ukumbi mmoja. Apate peni 14 kwa wiki. Avae joho lenye msalaba mwekundu kifuani. Msimamizi apate pauni 10 kwa mwaka, mwalimu naye 10, na mwalimu asitoze ada, afundishe bure watoto wa wapangaji wa Ewelme na wa mashamba yote yanayolisha wakfu ule.

Hapo nilikuwa natabasamu. Kisha nikafika kwenye dua.

Wazee wale walikuwa na ratiba ya sala toka asubuhi mpaka jioni. Wamuombee mfalme, wamuombee William, wamuombee Alice, na wakusanyike kwenye kaburi la wazazi wa Alice wawaombee na wao. Ukichelewa unakatwa hela. Mzee wa miaka sijui 70, magoti yamekwisha, baridi ya Januari, anapanda zile ngazi kwenda kuiombea roho ya mtu tajiri, asipopanda peni inapungua.

Binamu yangu angecheka sana. Risiti ile ina mpaka faini.

Na nakwambia kweli, niliposoma hilo nilianza kumuelewa yule kijana. Kwa sababu kwa bibi yetu msomaji wa khitma anapewa bahasha na sinia la biriani, hakuna anayemkata, lakini mantiki ni ileile: mimi nimeacha mali, nyie nikumbukeni, na kumbukumbu hiyo iwe na ratiba.

Hela yenyewe ilitoka wapi

Swali la nia lilinichosha mapema. Mtu kafa 1475, nia yake anaijua Mola wake. Kilichonishika ni hela.

Ua ule wa Ewelme haukujiendesha kwa kodi ya Ewelme. William na Alice waliuwekea wakfu mashamba matatu ya mbali: Marsh Gibbon huko Buckinghamshire, Conock huko Wiltshire, Ramridge huko Hampshire. Yani kuna mkulima wa Marsh Gibbon, hajawahi kumuona Alice, analima udongo mzito unaonata, anatoa kodi kila mwaka, na kodi ile inakwenda kijiji kingine kabisa kulipa mzee mwingine ili amuombee mwenye shamba. Mkulima mwenyewe anapata nini? Kwenye karatasi, mtoto wake anaweza kusoma bure. Nikaitafuta Marsh Gibbon kwenye ramani. Umbali wa kwenda Ewelme na kurudi, kwa mtoto wa mkulima wa zama zile, ni sawa na kumwambia skuli iko ng'ambo.

Na hao wenye mali walikuwa watu gani? Ukoo wa de la Pole ulianza na mfanyabiashara wa sufu wa Hull aliyepata utajiri akawa anamkopesha hela mfalme Edward wa Tatu. Vizazi vitatu baadaye William anaendesha serikali, na watu wakamchukia kwelikweli, wakamlaumu kwa ardhi iliyopotea Ufaransa, wakamlaumu kwa watu wake waliokuwa wanawaonea majirani huko mashariki ya Uingereza. Mwaka 1450 akahukumiwa kwenda uhamishoni, meli yake ikakamatwa baharini, akakatwa kichwa kwenye ubavu wa boti, mwili ukatupwa ufukweni Dover.

Alice alibaki mjane akiwa na akili zake zote na mali zake karibu zote. Mwaka 1465 watu wa mwanawe, John, aliyekuwa Duke baada ya baba yake, walivamia Hellesdon, mali ya familia ya Paston waliyokuwa wanagombania, wakabomoa nyumba na kupora mpaka kanisa. Barua za hao Paston zipo, na Alice ndani yake sio yule wa alabasta. Ni mama wa kuogopwa.

Na huku Ewelme wazee 13 wanapanda ngazi, ee Bwana mrehemu mtumishi wako Alice.

Niliwaza kumtumia binamu hizi habari kama ushahidi wake. Nikasita, maana hapo ndo mambo yanageuka upande wetu. Wakfu nyingi za Unguja za karne ya 19 zimetoka kwenye mashamba ya karafuu, na karafuu ile nani alikuwa anaichuma? Watumwa. Tunajua sote, hatusemi tu siku ya khitma. Kuna waliowaachia wakfu watumwa waliowaacha huru, hiyo ipo kwenye hati, lakini haifuti kwamba shamba lilifika kwenye hati kwa jasho la nani. Bibi yetu sisi alinunua nyumba kwa hela ya nazi, ndivyo tunavyoambiwa. Nazi za shamba la nani, sijawahi kusikia mtu anauliza.

Mfalme aliyefuta dua akaacha kodi

Sasa sikiliza hii.

Mwaka 1547, Uingereza imeshaachana na Papa, serikali ya mtoto mfalme Edward wa Sita inatunga sheria ya kufuta mali zote zilizowekwa kuombea wafu. Ushirikina, wakasema. Maelfu ya wakfu ndogondogo za kusomea misa zikachukuliwa na mfalme, na hela nyingi ikaishia mifukoni mwa wakubwa, sio kwa maskini. Kwa akili ya kawaida Ewelme ilitakiwa ife siku ileile. Ilikuwa imejengwa kwa dua. Hata wenyewe walishakwisha: mjukuu wa Alice, Edmund, alikatwa kichwa mwaka 1513, ukoo ukanyang'anywa, Ewelme ikawa mikononi mwa mfalme. Hakuna Duke tena wa kuitetea.

Ikapona. Kwa sababu ndani yake mlikuwa na wazee wa kweli na watoto wa kweli, na ukiifuta lazima umtoe mtu kitandani. Dua za kumuombea Alice zikafutwa, peni zikabaki.

Hapa nilikaa sana. Kile alichokitaka Alice kuliko vyote, ambacho ndo sababu ya yeye kutoa ardhi, kimefutwa na dola miaka 72 tu baada ya kufa. Kile ambacho kwake labda kilikuwa chombo cha kufikia hicho ndo kinaendelea mpaka leo. Sijui kama akiamka atashukuru au atadai ardhi yake.

Halafu mwaka 1617 mfalme James wa Kwanza akafanya kitu cha ajabu kidogo: usimamizi wa nyumba ile akaufunga kwenye kiti cha profesa wa kifalme wa tiba Oxford, ili profesa apate nyongeza ya kipato. Sio wazee wapate daktari. Profesa apate hela! Ukitaka kujua wakfu unavyoliwa kwa heshima zote, ndo hivo.

Kisha wakatufikia sisi

Watu waliofuta dua zao wenyewe ndo waliokuja kuzisimamia za kwetu. Mwaka 1905 Zanzibar ikatolewa sheria ya mali ya wakfu, ikaunda tume ya kuzisimamia, chini ya serikali iliyokuwa mkononi mwa Waingereza. Maofisa wale waliona kodi ya nyumba inakwenda kwenye khitma na kulisha watu siku ya khitma, wakaona ni vioja. Unaelewa kwa nini, walikuwa wametoka nchi ambayo kumwekea mtu hela ya misa ya kumuombea maiti ilikuwa bado haitambuliwi kisheria, mpaka mabwana wa juu wa sheria walipobadilisha mwaka 1919.

Kwenye wakfu za kifamilia ndo balaa zaidi. Mwaka 1894 Privy Council ya London, mahakama ya mwisho ya rufaa za makoloni, iliamua kesi iliyotoka India: ukiwawekea wakfu watoto wako na wajukuu zako, na maskini ukawaweka mwisho kabisa siku kizazi kitakapokwisha, basi maskini hao ni pambo, hiyo sio sadaka. Waislamu wa India walipiga kelele mpaka ikapatikana sheria ya kuzirudisha wakfu hizo mwaka 1913. Lakini uamuzi ule haukufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Privy Council ikautumia tena kwenye kesi kutoka Kenya, wakfu ya familia ikavunjwa.

Yani binamu yangu bila kujua aliandika hukumu ya 1894 kwenye WhatsApp.

Na mi nikiisoma ile hukumu najikuta nabishana nayo kwa sauti jikoni. Kwani mtoto wa kike aliyeachika hana pa kulala sio maskini kwa sababu ni wa kwako? Kwetu kumpa jamaa mwenye shida ni sadaka na ni kuunga udugu, thawabu mbili. Upande wa pili wao wenyewe walikuwa na Ewelme, ambapo tajiri aliwaweka maskini mstari wa mbele lakini kazi ya maskini hao ilikuwa kumuombea tajiri. Mmoja kaweka familia mbele na maskini nyuma, mwingine kaweka maskini mbele na roho yake nyuma. Mwisho wa siku wote wamejikumbuka.

Daktari aliyekwenda kuangalia mashamba

Kilichonibadilisha mawazo sio Alice wala jaji. Ni Henry Acland.

Acland alishika kile kiti cha tiba Oxford mwishoni mwa miaka ya 1850, kwa hiyo moja kwa moja akawa msimamizi wa Ewelme. Huyu alikuwa ametoka kupambana na kipindupindu cha Oxford cha 1854, akaandika kitabu kizima juu yake, mitaa ipi, maji yapi, nani kafa wapi. Wasimamizi wengi wa kabla walikuwa wanapokea tu kipato chao. Acland akaenda Marsh Gibbon, kule kodi inakotoka, akaangalia wanavyoishi wapangaji wa wakfu, akaona nyumba mbovu, uchafu, maji yasiyofaa. Akaanza kuzijenga upya nyumba za wapangaji kwa mali ya wakfu wenyewe.

Miaka zaidi ya 400 imepita toka kibali cha 1437 ndo mtu anafuata hela mpaka chanzo chake na kuuliza: huyu anayelipa anaishije?

Baada yake kidogo akaja William Osler, yule Mkanada ambaye wanafunzi wa udaktari mpaka leo wanamnukuu. Alichukua kiti mwaka 1905, mwaka uleule wa sheria yetu ya wakfu, inanichekesha kidogo. Osler aliipenda Ewelme, alikuwa anakuja kukaa pale na familia yake, anapiga soga na wazee. Kipato alichowekewa profesa na mfalme James ndo kikamleta daktari mlangoni kwa wazee, bila aliyepanga.

Leo vile vijumba 13 vimeunganishwa vikawa vichache na vikubwa zaidi, vyenye vyoo na jiko la maana, na skuli bado ni skuli, watoto wa kijiji wanasoma humo. Marsh Gibbon bado kuna nyumba za wakfu. Conock na Ramridge sikwenda, nauli ya treni Uingereza ni kesi nyingine.

Simu kwa Ami

Nikampigia Ami. Ndo msimamizi wetu, anakaa Malindi, kasirika yake iko karibu.

"Shkamoo Ami."

"Marahaba mwanangu. Haya, na wewe umekuja kunambia bibi alinunua dua?"

"Hapana Ami. Nauliza yule mwenye duka. Chumba chake cha nyuma bado kinavuja?"

Kimya kidogo. Akasema kinavuja toka mvua za masika zilizopita, mwenyewe hasemi kwa sababu anaogopa kupandishiwa kodi, na kodi ikipanda ndo khitma inakuwa nzuri, si ndo mnavyotaka nyinyi wa Ulaya mkija na masimu yenu mpige picha.

Nikamwambia kwa mtazamo wangu mwaka huu khitma iwe ya kahawa na tende, biriani isubiri, na hela iende kwenye paa la yule mzee. Bibi atasomewa vilevile. Na daftari la kodi lipigwe picha kurasa zote liwekwe kwenye grupu, binamu mwenye mdomo apewe kazi ya kujumlisha.

Ami akasema biriani haiondoki. Tukabishana hapo karibu nusu saa, kuhusu biriani, sio kuhusu paa, paa alikubali haraka kuliko nilivyodhani. Daftari akasema halipo kwake, lipo kwenye sanduku, na ufunguo wa sanduku anao shangazi aliyeko Muscat, ambaye ni yuleyule aliyetoka kwenye grupu.

Binamu nimemwambia yeye ndo akamuombe.